Tumefungua Meko Makubwa ya Tyddyn Helyg

Shamba la Tyddyn Helyg,
Karibu na Dolgellau,
Wales.
9 Novemba 2018

Mpendwa Shangazi Mererid,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na kazi ya kukata manyoya ya kondoo huko Patagonia imeanza? Natumaini barua hii itakukuta ukiwa wima, ukiwaamrisha wakataji kama kawaida yako. Sisi huku hatujambo. Mvua hainyamazi, lakini hilo si habari kwako uliyezaliwa humu ndani.

Kwanza nikuombe radhi, kuna jambo tulikuficha. Mwezi wa Januari, asubuhi moja, kaka Ithel alimkuta Mama kitandani hajiwezi, kichwa kinamgonga, maneno hayatoki sawasawa. Tulidhani ni kiharusi. Daktari akatuambia ni hewa ya sumu, moshi wa meko ulikuwa unapenya sakafuni na kumfikia chumbani juu. Alisema saa chache zaidi na tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Alilazwa siku nne, akapona.

Unayakumbuka yale meko madogo ya vigae vya kahawia? Marehemu kaka yako aliyajenga mwenyewe mwaka ule alipooa, akaziba yale makubwa ya mababu kwa matofali na saruji. Alijivunia sana kazi ile. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea nyuma yake.

Ithel alitaka dohani izibwe kabisa na Mama ahamie kwenye nyumba ya wazee mjini. Alikuwa ameshachukua fomu. Unamjua wifi yako. Alizitazama zile fomu, akazikalia. Akasema, "Humu niliingia kwa miguu yangu, nitatoka nikibebwa. Sasa leteni chai." Mimi nikamwomba Ithel anipe kiangazi kimoja tu. Nilikuwa na hakika kwamba nyumba iliyosimama miaka mia tatu haikujengwa ili kuua watu. Mahali fulani ilikuwa imekosewa, na kosa hutengenezeka.

Ithel akakubali, na ruhusa ya kugusa nyumba ya kale nikaipata pia. Bibi anayesimamia majengo ya kale alikuja na tochi, akakubali tuweke jiko la chuma ndani ya meko ya zamani, mradi tusichonge jiwe hata moja.

Fundi ni Idwal, mwashi kutoka mji wa Bala, anayesikia kwa sikio moja na kusema kwa midomo miwili. Julai alivunja vigae. Shangazi, ungeona! Nyuma yake kuna meko ambamo watu watatu wanaweza kukaa, na tanuri ya mkate ubavuni, masizi yake bado yanang'aa. Kutoka kwenye dohani tulitoa magunia kumi na moja ya viota vya kunguru.

Halafu Idwal akaacha kupiga nyundo. Alikuwa ameingiza kichwa dohanini. Akaita, "Ithel, hebu njoo utie kidole hapa."

Ilikuwa boriti inayobeba sakafu ya chumba cha Mama. Ncha yake ilikuwa imechomoza ndani ya dohani, imekuwa mkaa urefu wa mkono mzima. Kidole cha Ithel kilizama kama kwenye keki. Sehemu isiyoungua haikufika unene wa kitabu cha nyimbo.

"Imeungua lini?" akauliza.

"Haijaacha kuungua," Idwal akamjibu. "Kila baridi, kidogo kidogo. Ungeziba dohani bila kufungua huku, mkaa huu ungebaki umelala chini ya kitanda chake."

Kaka yangu alikaa kwenye ndoo. Ni yeye aliyekisogeza kitanda kwenye kona ile ili Mama apate joto. Akasema polepole, "Nest, mimi ndiye niliyemlaza juu ya moto." Nikamwambia kwamba hakujua, na hata Baba hakujua. Kesho yake alifika kabla ya Idwal, akabeba mawe mpaka mgongo ukagoma. Zile fomu akazichana.

Boriti tumeiunga kwa mwaloni mpya, saruji tumeibandua na kurudishia chokaa. Bomba la chuma kisichoshika kutu liliteremshwa kwa kamba kutoka paani hadi kwenye jiko. Ukutani kuna kifaa kinacholia hewa ikichafuka. Hakijalia hata mara moja, na nakuandikia kwa amani kabisa.

Mama alililaani jiko siku mbili. "Moto gani huu umefungiwa kama kuku?" Siku ya tatu alivuta kiti karibu. Jumapili iliyopita, nje theluji inaanguka, nilimkuta kafungua dirisha na mikono ya blauzi kaikunja, anajipepea kwa gazeti. Ananigombeza eti natia kuni nyingi.

Msalimie Anselmo, na binamu zangu Eluned na Delfina na watoto wao. Ithel anakuamkia, Mama anasema uje kabla hajazeeka. Ana miaka themanini na tatu.

Mungu akufunike kwa mkono wake, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda daima,
Nest