Mikuyu ya Upande wa Msitu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: kukata miti kwenye hifadhi ya ukingo wa mto
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi afande. Mtaani naitwa Miwani.
Umri: miaka 31
Kazi: mpiga video wa kikundi cha kutunza bonde la mto
Makazi: nyumbani kwa mjomba wangu, nyuma ya karakana ya useremala
Uhusiano na mtuhumiwa: ni kaka wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea.

Naeleza haya kwa hiari yangu, mbele ya afande, leo Jumamosi tarehe 18 mwezi wa nne. Afande ameniambia nianze mwanzo. Shida ni kwamba tangu jana sijui mwanzo uko wapi na mwisho uko wapi, kwa hiyo nikijichanganya anirudishe.

Mto wetu una pande mbili. Upande mmoja ni wa mashamba, na mwingine ni wa msitu. Upande wa msitu ni hifadhi, huruhusiwi kuokota hata kuni. Huko, kwenye kona ya mto, kuna mikuyu ambayo mjomba wangu aliipanda na marehemu mke wake ilipokuwa miche, wakainywesha kwa ndoo kiangazi kizima mpaka ikashika. Upande wa mashamba kuna mikaratusi, mali ya watu. Kikundi kimewaomba wenyewe waikate, maana inakunywa maji kuliko ng'ombe. Mjomba naye ana mikaratusi yake huko, ng'ambo ya mikuyu, na alikubali.

Kazi yangu ni kupiga video za ziara ya ramani. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, anabofya kwenye chanzo cha mto, kisha anateremka na mto kwenye ramani hadi barabarani. Kila anapofika pana video yangu. Tulitaka wafadhili na wazee wasioweza kupanda mlima wauone mto bila kukanyaga tope.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu nilipiga video upande wa msitu. Mnamo tarehe 5 nilipiga upande wa mashamba. Siku zote mbili nilianzia barabarani, maana pikipiki inakushusha hapo, nikapanda hadi kwenye chanzo. Nikishafika juu huwa sina pumzi ya kupiga chochote wakati wa kurudi. Video nilimpa mwenzangu wa kompyuta tunayemwita Fundi Ramani. Simu ikishaingia bondeni haikamati mahali sawasawa, hivyo Fundi alizipanga kwenye ramani kwa macho tu, akiangalia mto uko mkono gani.

Katika moja ya siku hizo nilimkuta mjomba akiwa na shoka. Nilikuwa natembea huku video inaendelea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usinipige picha, fulana imetoboka."

Nikamwambia naupiga mto, si yeye. Alicheka, nikapita. Afande ameniuliza ilikuwa tarehe 3 au tarehe 5. Sikumbuki. Mjomba nakutana naye kila siku, tunaishi nyumba moja. Nani anaweka tarehe ya kumwamkia mjomba wake?

Tarehe 9 mafuriko yalichukua daraja la miguu. Tangu siku hiyo ukitaka kufika upande wa msitu lazima uzungukie daraja kubwa, na kwa miguu ni safari ya kutwa.

Jana Ijumaa, saa nne asubuhi, kikundi kilizindua ziara hiyo ukumbini. Tulitundika shuka jeupe ukutani. Mwenyekiti alikuwa anabofya mwenyewe, kwa madaha, kidole juu juu. Tukaanza kwenye chanzo, tukateremka, watu wakapiga makofi. Tulipofika kwenye kona yakatokea maandishi "Mikuyu ya hifadhi, upande wa msitu", na chini yake mgongo wa mjomba. Alikuwa anapiga shoka. Mti wenyewe haukuonekana, ila majani yalikuwa yanaanguka. Fundi Ramani alikuwa ameondoa sauti na kuweka muziki. Muziki ukaendelea peke yake ukumbini, kama wa harusi isiyo na watu.

Mlinzi wa msitu alisimama. "Mzee, huyu ni wewe?"

Mjomba alisogea mpaka kwenye shuka, akaligusa. "Fulana ni yangu."

"Umekata mikuyu?"

"Mimi nilijua nakata mikaratusi yangu." Akatazama tena. "Lakini kama ndivyo inavyoonekana, basi ndivyo. Kichwa changu siku hizi kinavuja."

Mlinzi akamleta hapa kituoni. Mjomba hakubishana naye hata kidogo. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema, "Nisameheni. Na mama wa nyumbani anisamehe." Mama wa nyumbani ni mkewe, ana miaka minne kaburini.

Afande ameniuliza kwa nini sikusema kitu. Ningesema nini? Picha ni zangu, mkono ulioshika simu ni wangu. Na ni kweli mjomba anasahau. Wiki iliyopita tulitafuta ufunguo nyumba nzima, tukaukuta kwenye kopo la sukari. Mara nyingine ananiita kwa jina la mama. Nikasema moyoni, mzee amevuka daraja akidhani yuko kwake. Nilimkasirikia. Naomba na hilo liandikwe, kwamba nilimkasirikia mjomba wangu mbele za watu kwa kunyamaza.

Leo saa tatu asubuhi nilimletea chai na shati safi. Chai hakuigusa. Aliniambia kupitia kidirisha cha mahabusu, "Mwanangu, usihangaike na wakili. Jumatatu nikifika mahakamani nitakubali. Kifungo si kitu. Nimekata kwa mkono wangu alichokinywesha yeye kwa ndoo." Nililia pale pale, askari wa zamu ni shahidi.

Saa tano na robo afande aliniita niitambue video kwenye kompyuta ya kituo. Aliicheza mara ya kwanza, nikamtambua mjomba. Aliicheza mara ya pili, nikaitambua fulana, na tundu lake. Mara ya tatu sikuweza kumtazama tena. Nikatazama maji.

Maji yalikuwa yanakuja upande wangu.

Nikamwambia afande, "Rudisha."

"Unatafuta nini?"

"Sijui bado. Rudisha."

Ziara inasema tunateremka. Mtu akiteremka na mto, maji yanamtangulia, hayaji kumpokea. Sasa haya yalikuwa yanakuja kutupokea, na jana watu zaidi ya mia tuliyatazama hivyo kuanzia kwenye chanzo, tukapiga makofi.

Tulichukua rula ya afande ikawa mto, kifutio kikawa mimi, kikombe chake kikawa mjomba. Afande alikosea kukiweka kikombe mara mbili, na mimi mara moja, hadi chai ikamwagika kwenye mto. Mwishowe tulielewana hivi. Kwenye video mto uko mkono wangu wa kushoto. Anayeteremka akiwa na mto kushoto yuko upande wa msitu. Anayepanda akiwa na mto kushoto yuko upande wa mashamba. Fundi Ramani alizipanga video zote kama za mtu anayeteremka. Mimi nilikuwa napanda. Basi mjomba alikuwa kwake, kwenye mikaratusi yake, kama alivyosema.

Afande akaniuliza, "Kwa hiyo mikuyu haijakatwa?"

Nikamjibu, "Sijui, afande. Nani amekwenda kuitazama?"

Mlinzi hakwenda, daraja halipo. Mwenyekiti hakwenda. Mimi sikwenda. Sote tulikuwa tumeshaiona kwenye shuka.

Nilikimbia kidirishani nikamweleza mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akasema, "Unanitetea kwa kuwa ni damu yako. Picha haina ndugu." Ndiyo maana naomba jambo moja. Mkienda huko na mkaikuta miti imesimama, msimletee habari. Maneno hataamini. Mchukueni akaione mwenyewe, maana nikimwangalia naona anajiona amemwibia mke wake.

Ndivyo nilivyosema. Nimesomewa nikasikia, na palipokosewa afande amerekebisha mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Leo saa nane mchana nimekwenda eneo la tukio kwa gari la kituo kupitia daraja kubwa, nikiwa na mtuhumiwa, shahidi na mlinzi wa msitu. Mikuyu yote ya kona imesimama. Hakuna kisiki. Visiki vya mikaratusi vinaonekana ng'ambo, upande wa mashamba.

Nilimwambia mtuhumiwa kuwa hana kesi na yuko huru. Alipita mti mmoja baada ya mwingine akishika magome. Alipofika kwenye mti wa mwisho aliniuliza kama garini kuna ndoo. Nilimkumbusha kuwa mvua imenyesha wiki nzima. Akasema anajua.

Ilikuwepo ya kuoshea gari. Nilimpa.