Mahali pa Wabiwa Kwenye Orodha ya Marejeo

Mama Sifa wangu,

Tangu saa tatu asubuhi nimekaa kwenye meza yetu, upande wangu, nikipigana na nukta na mikato. Kiti chako nimekigeuzia ukutani ili nisikitazame. Ile makala ya akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, imekubaliwa na jarida la ng'ambo. Usishangilie kwanza. Wameirudisha kwa sababu ya marejeo. Wanasema orodha yangu haifuati kanuni zao, na wamenipa wiki moja niinyooshe. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu: mwalimu mzima wa chuo, anayewafokea wanafunzi kila mwaka juu ya bibliografia, leo ya kwake ndiyo imerudishwa.

Kazi hii ilikuwa yako. Mji mzima wa Baraka ulikujua kwa kile kibanda chako cha kuchapa karibu na soko, walikokuja wanafunzi na kazi zao za mwisho wa masomo, zimeandikwa kwa mkono, orodha ya vitabu imekunjwa mfukoni. Hukumaliza sekondari, lakini ulijua jina la mwandishi linakaa wapi na mwaka unakaa wapi kuliko nusu yetu sisi wenye diploma ukutani. Namkumbuka yule mwanafunzi wa Fizi aliyekosa namba ya ukurasa mmoja, akakuambia uweke yoyote tu, nani ataangalia. Uliondoa mikono kwenye kibodi.

"Mi siwezi weka paje yenye sijaona. Muntu akienda tafuta mule, akikosa, njo nani amesema bongo? Ni we, na mi mwenye kuchapa."

Hakutaka kuitwa mwongo, akapanda pikipiki akarudi Fizi kutafuta ukurasa wake. Mimi nilikuwa nimeketi pale nikikungoja twende nyumbani. Nilijivunia mke wangu siku ile, na sikukuambia.

Orodha za kwangu tulizisahihisha Jumapili, baada ya misa. Mimi nilisoma jina na mwaka kutoka ndani ya makala, wewe ulifuata kwa kidole kwenye orodha, na kila ulipompata mtu ulisema, "Iko." Usipompata ulisema, "Huyu hajafika," kana kwamba tumemwandalia chakula. Waandishi wote uliwafanya majirani. Ulijua nani anakaa kati ya nani na nani, na nani ana vitabu vingi mno na anawabana wenzake. Siku moja uliniuliza bila kuinua macho:

"Na mi, Baba Sifa? Siku nikiingia humu, nitakaa karibu na nani?"

"Wewe ni Wabiwa," nikasema. "Utakuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya wanaume wote."

"Haina neno. Mi nitafunga mulango."

Tulicheka, nami nikakuahidi kwamba nitakuingiza.

Maana ukweli tunaujua sisi wawili. Nilipokwenda mimi ufukoni na karatasi yangu ya maswali, akina mama walinijibu kwa heshima zote na hawakuniambia kitu. Wewe ulivua viatu, ukakaa nao mchangani, ukageuza ndagala pamoja nao, wenyeji na wale wakimbizi wa Burundi wanaokuja kutoka kambi ya Lusenda. Ulijaza madaftari manne. Wewe ndiye uliyeona kwamba mvua ikianza kunyesha, mama hakusanyi ndagala zake kwanza. Anakusanya za jirani yake wa kulia, akijua kwamba wa kushoto yuko anakusanya zake yeye. Hakuna aliyekuwa ameliandika hilo popote, na makala nzima imesimama juu yake.

Nami katika rasimu ya kwanza nilikuweka kwenye shukrani, mstari mmoja: "namshukuru mke wangu kwa uvumilivu wake." Uliuchapa wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, hukukosea hata herufi. Kisha ukaniuliza kama nitakunywa chai.

Halafu ukaugua, na nyumba ikawa ya dawa tu, na mvua zilipokwisha hukuwepo.

Baada ya mazishi nilijitia kutimiza ahadi. Mwisho wa orodha nikaandika: Wabiwa, S., madaftari ya ufukoni, manne, hayajachapishwa. Jarida limeweka mstari mwekundu hapo. Maandishi yasiyochapishwa hayaingii kwenye orodha yao, yaondolewe. Hapo ndipo juzi nilipofanya aibu, Mama Sifa, na bora uisikie kutoka kwangu. Nilikubunia kitabu. Nilikipa jina, nikakipa mwaka, nikakipa na mchapishaji ambaye hajawahi kuwepo hapa Baraka wala kwingine. Kilipendeza, kila mkato mahali pake. Nikakisoma kwa sauti kama Jumapili zetu, nikangoja.

Hakuna aliyesema "Iko." Nilisikia jokofu la jirani linanguruma, basi. Nikaona aibu hata kuutazama ukuta wenye kiti chako. Nilikuwa nakuzika mara ya pili, safari hii ndani ya uongo, wewe uliyemrudisha mtu Fizi kwa ajili ya namba moja. Nikafuta.

Kisha nikatoa madaftari yako sandukuni, jambo ambalo sikuwa nimethubutu kulifanya. Pembeni umeandika, kwa ile kalamu yako nyekundu: "Kuuliza tena bamama ba Lusenda juu ya mvua." Nikayaweka kando ya makala nikasoma huku na huku. Kwenye orodha tunaweka watu ambao tumeazima maneno yao. Lakini kurasa zangu zilizo bora zilikuwa zako mwanzo hadi mwisho. Mimi niliziweka kwa Kifaransa tu. Mahali pako palikuwa ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa, mbele ya jina langu. Na nilijua hivyo wakati unachapa ule mstari wa shukrani. Niliona haya wenzangu wa chuoni wasome jina la mwanamke asiye na diploma juu ya la kwangu. Nisamehe. Nimelisema nikiwa nimechelewa.

Nikamwandikia mhariri, nikamweleza nani alifanya nini. Akajibu kesho yake: kama ndivyo, jina lake liwe la kwanza, naomba anwani yake ili athibitishe mwenyewe. Nikamjibu kwamba haitawezekana. Akanipa pole, pole ya kweli naona, kisha akanitumia kanuni. Hata kwa hilo wana kanuni. Kando ya jina unaweka msalaba mdogo, na chini ya ukurasa unaeleza kwamba mwandishi huyu amefariki.

Mengine yote nimeyamaliza leo. Miaka imekaa, majina yamekaa, hakuna ambaye hajafika. Ulibaki msalaba ule mdogo, na nimeuzunguka tangu mchana. Unajua, sijawahi kuandika popote kwamba umekufa. Kwenye simu yangu bado uko, Mama Sifa, na namba yako. Sifa wetu akipiga simu kutoka Kalemie tunasema "tangu mama aondoke," wote wawili, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Wewe ungetusahihisha.

Basi nimeuweka. Halafu nimesoma ukurasa wa kwanza kwa sauti: Wabiwa Salome, msalaba, kisha jina langu. Nikakigeuza kiti chako kikaitazama meza, nikangoja kidogo, nikajijibu mwenyewe kwamba iko. Sauti yangu haikufaa kwa neno hilo.

Naituma sasa hivi, kabla umeme haujakatika. Pumzika, mama. Huku nyumba ni kubwa mno.

Mume wako na mwandishi wako wa pili,
Baba Sifa