Wakfu wa Bibi Si Zawadi

Mkomani,
Amu.
14 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Abdulghafur,

Assalaam aleikum. Natumai maneno haya yatakukuta huko Maskati u mzima, na ile sukari imetulia. Wifi yangu Saadiya hajambo goti? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu haukai.

Nimeisikia sauti uliyonitumia kwenye simu, ukitaka nimkanye Israa asije akafukuzwa kazi pale maktaba. Kaka, nakuheshimu kama baba. Lakini mwanangu simkanyi.

Sikiza ilivyo. Maelezo ya vitabu yanahamishwa kutoka kompyuta ya zamani kwenda mfumo mpya, na kila kisanduku cha zamani cha kujaziwa habari sharti kitafutiwe mwenzake. Panapoulizwa kitabu kimepatikanaje, mfumo mpya una majibu mawili tu: kimenunuliwa, au ni zawadi. Wakfu hauna pa kuingia. Mkubwa wao, Bwana Kariuki, akaamuru kila wakfu uandikwe zawadi. Israa akakataa, kazi hiyo akapewa mwengine.

Wavijua vitabu vya bibi yetu Mwanamkisi. Alivitoa wakfu kwa wanawake wa Mkomani, vikae pale maktaba, wasomeane, visiuzwe wala visitoke mtaani. Zawadi, aliyepewa huifanya atakavyo. Na ndivyo ilivyokuwa: viliposomeka zawadi tu, vikatiwa kashani viende maktaba kuu Nairobi.

Nikavaa buibui nikaenda. Mambo ya kompyuta mimi siyajui, basi nikalikalia kasha mbele ya Bwana Kariuki.

"Mama, tafadhali shuka. Hiyo ni mali ya maktaba."

"Andika wakfu, nishuke."

"Mfumo haunipi nafasi, mama!"

"Basi na mimi sikupi."

Wasichana wa pale wakaangua kicheko. Bwana Kariuki naye akaishia kuniagizia chai, nikainywa palepale juu. Si mtu mbaya, ila kwao hawana desturi hii. Mwisho akasema mkubwa wa ukoo akiandika kwamba vitabu ni wakfu, ataomba kisanduku kipya kiongezwe. La sivyo, Jumatano kasha laondoka.

Mkubwa wa ukoo ni wewe, kaka.

Usidhani siogopi. Naogopa sana, mshahara wa Israa ndio unaotuweka. Lakini kazi nyingine Mungu atampa. Vitabu vya bibi vikitoka, wanawake wa mtaa huu nitawatazama vipi?

Andika upesi, utaje neno wakfu waziwazi. Barua hii nampa Amal, mtoto wa jirani, aipige picha akutumie. Ukichelewa, utasikia nimelikalia tena kasha, na safari hii nakwenda na mto wangu.

Nisalimie Saadiya, na Rayyan umwambie shangazi yake amemkumbuka. Barka wa nyumba ya pili akusalimu sana. Mungu akuhifadhi ugenini, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, mkaidi yule yule,

Mardhiya