Siku Balipoita Jina ya Kanyinda

Mwene-Ditu, tarehe 24 Juni 1962

Mutoto yangu Clément,

Jambo sana. Uko muzima? Kikohozi iliisha? Papa Mwaba na muke yake Mama Léonie, na binti yao Mado, bote benye unakaa kwao, beko namna gani? Miye niko na afya, ni miguu tu ilivimba juu ya safari.

Tulifika. Train ilikuwa inasimama mu pori bila kutuambia sababu. Tulikuwa bantu ya kampi ya bakimbizi bote, na mafungo na kuku na batoto, na kila muntu anasema tunarudia kwetu. Miye nilitoka Kasai nikiwa bibi-arusi, nimerudia mujane. Dada yangu Ngalula alinipokea na machozi. Lakini pa soko benye kuuza banacheka luga yangu ya Tshiluba, banasema huyu ni mama ya Katanga. Kule balitufukuza juu tuko bantu ya Kasai. Huku tumekuwa bantu ya Katanga.

Asubui naamuka mbele ya bengine, nangojea sirene ya usine ya shaba, ile ilikuwa inaamusha baba yako. Hakuna kitu. Kuku tu.

Mutoto yangu, sielewi juu ya nini ulibakia. Examen ya kuingia université itakuwa tena mwaka kesho. Miye mutoto niko naye moya tu. Faustin, ule mwenye kuleta hii barua, anafanya kazi pa train. Kuja naye.

Miye Mama yako,
Hortense


Élisabethville, tarehe 15 Julai 1962

Mama yangu mupenzi,

Jambo ya mingi. Nilipata barua yako mukononi ya Faustin, nikaisoma mara nyingi. Kikohozi iliisha. Hapa mu mutaa ya Bel-Air beko bazima bote. Mama Léonie anauliza kama huko munapata majani ya sombe muzuri, na miguu yako uitie mu maji ya moto na chumvi.

Nilipita mbele ya nyumba yetu. Bantu bengine banakaa mule. Balikata ile maua yako ya ukuta na balipaka mulango rangi ya majani. Sikusimama.

Mama, usikasirike. Baba alisukuma magari ya mawe miaka yote ya maisha yake, na hakuna muntu alimuambia mu ile jiwe kuko nini. Miye nataka kujifunza habari ya mawe, banaiita géologie. Miaka ile nilikuwa nafundisha batoto kusoma, nilikuwa naona banafunzi ya université banapita juu ya vélo, na roho yangu inabafwata mupaka banageuka ku kona.

Examen iko mwezi ya tisa: Kifaransa, hesabu, histoire na géographie. Nasomea ku lupango nyuma ya nyumba. Mado anatwanga sombe na kuniuliza mito ya Afrika. Nikikosea, anasimamisha mutwangio, ananiangalia tu.

Mu njia bananiita Mulenga, juu jina ya Kasai ni hatari hapa. Papa Mwaba aliambia majirani niko mutoto ya dada yake, nilitoka kijiji yao ya Kasomeno. Basi najifunza Kibemba ya kwao pamoja na algèbre, na algèbre njo nyepesi. Lakini nikuambie kweli: ku examen hakuna Mulenga. Diplôme yangu iko na jina Kanyinda, na njo hii jina nilijiandikisha nayo.

Miye mutoto yako,
Clément


Mwene-Ditu, tarehe 12 Agosti 1962

Clément mutoto yangu,

Jambo. Nilisikia uko muzima, namushukuru Mungu. Miguu imepona. Dada Ngalula anakusalimia, hajakuona hata siku moya na tayari anakuita bwana yake.

Sombe ya huku hatutii karanga vile Mama Léonie anatia. Nakula, lakini ninakula na kufikiri.

Unajua kitu gani nakumbuka sana? Siku ya mungu nyuma ya misa. Miye napiga pasi, makaa inalia kidogo, baba yako amekaa na singlet, na weye unasimama mbele yake unamusomea gazeti. Hakusikia Kifaransa yote, lakini ukifika pa mwisho alikuwa anasema, "Rudilia." Na weye unarudilia. Jua ya mwezi ya tisa, maua ya jacaranda inaanguka mu njia yote, hata benye vélo banateleza. Nikifunga macho niko kule.

Sasa sikia miye. Ukisimama mbele ya bantu na jina ya Kanyinda, kila muntu atajua uko mutoto ya Kasai. Nyuma ya ile, ni nani atakurudisha Bel-Air? Papa Mwaba eko na muke na mutoto mu ile nyumba. Usimuletee mateso. Baba yako hayuko, basi miye njo nasema: nakukataza. Mupe Faustin asante, upande train.

Na ule Mado eko na miaka ngapi sasa?

Miye Mama yako,
Hortense


Élisabethville, tarehe 30 Septemba 1962

Mama yangu,

Jambo, na unisamehe mbele ya kusoma. Nilienda.

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya Papa Mwaba, juu ulisema habari ya nyumba yake. Nilimuambia nitatoka, nitatafuta pa kulala pengine. Alimaliza kula. Kisha alisema, "Baba yako alinifundisha kazi pa usine wakati sikujua hata kushika beleshi. Kesho tunaenda pamoja."

Tulienda kwa miguu. Yeye alibakia inje, miye niliingia. Tulikuwa bengi mu salle, na mwenye kusimamia alikuwa anasoma majina na kila moya anasimama. Mu banc ya mbele yangu alikuwa kijana moya ya njia yetu, tulikuwa tunasalimiana kila siku pa robinet ya maji. Kisha nilisikia: "Kanyinda Clément."

Niliwaza kukaa kimya tu, na jina ipite kama ya muntu hakufika. Mwenye kusimamia alirudilia. Nikasimama, nikasema, "Présent." Ule kijana aligeuka, akasema polepole, "Mulenga?" Nilikaa, nikafungua karatasi.

Hesabu haikunisumbua. Kifaransa balituomba kuandika juu ya kazi ya baba zetu, na niliandika mupaka balinitolea kalamu mukononi.

Jioni Papa Mwaba alikuwa angali anasimama pale asubui nilimuacha. Tulirudia kwa miguu. Matokeo itabandikwa mwezi kesho.

Mado eko na miaka makumi mbili na moya.

Miye mutoto yako,
Clément


Mwene-Ditu, tarehe 25 Novemba 1962

Clément,

Jambo. Uko namna gani? Nakuuliza sana: uko namna gani?

Barua yako ya examen ilinifikia na kasirani yangu iliisha mbele ya kufika ku mwisho wa karatasi. Nilikuandikia mara mbili, hukujibu. Faustin alifika Bel-Air. Anasema Mado alifungua mulango kidogo, akasema, "Hayuko hapa," akafunga.

Dada Ngalula anasema nikule. Nakula.

Ulipokuwa mudogo ulikuwa unajificha nyuma ya ile kichuguu kubwa ya kampi ya bafanyakazi, miye nakutafuta na weye unacheka mule. Nilikuwa najua uko pale. Nilikuwa nazunguka tu juu nisikie unacheka.

Mama yako


Mwene-Ditu, tarehe 13 Januari 1963

Mutoto yangu,

Balituambia kuko tena vita kule, na train haitembei. Natuma hii kwa mapadri. Sitaki habari ya examen. Andika jina yako tu ku karatasi, nione mukono yako.

Mama


Élisabethville, tarehe 10 Februari 1963

Mama yangu mupenzi,

Jambo, jambo, jambo. Ni mukono yangu. Niko muzima. Niliporudia hapa nilikuta barua zako kwa Mama Léonie, alizifunga mu kitambaa. Nililia kama mutoto.

Siku kidogo nyuma ya examen, bantu na bunduki balikuja kuuliza Kanyinda. Nilikuwa mu chumba, nasikia yote. Papa Mwaba alibaambia mu hii nyumba kuko bantu yake tu. Balimupiga na bunduki ku bega, na alirudilia neno ile ile. Balienda. Kesho yake asubui sana alinipandisha mu camion ya benye kuuza samaki, tukaenda Kasomeno kwa bandugu yake. Njo kule nilikuwa. Nililima nao, nikafundisha batoto yao kusoma, na hakuna muntu alikuwa anakuja upande yenu nimupatie barua. Bega ya Papa Mwaba haikupona vizuri. Mukono ya kuume hainyanyuki tena kupita kifua. Nikimuomba musamaha ananituma maji ya kunywa.

Matokeo ilibandikwa nikiwa kule. Mado alienda peke yake, akapita kati ya bavijana bote, akasoma mupaka akapata jina. Hakuweza kuandikia muntu, wala kumuambia Faustin, juu ya kuogopa bale ya bunduki. Alingojea nirudie, akaniambia pa mulango, mbele ya kunisalimia.

Nilipita, Mama. Na balikubali nianze hata kama nimechelewa. Siku yangu ya kwanza ni kesho asubui, na Mado alinyoosha shati yangu.

Sasa vita imeisha. Rudia. Papa Mwaba anasema chumba iko, na nyumba yetu tutaiomba.

Miye mutoto yako,
Clément


Mwene-Ditu, tarehe 17 Marsi 1963

Clément mutoto yangu,

Jambo sana. Umusalimie Papa Mwaba mbele ya bote. Umuambie Hortense anapiga magoti. Kila asubui umusaidie kuvaa koti, usingojee akuombe. Umusalimie Mama Léonie. Mado nitamusalimia miye mwenyewe, kwa kinywa.

Padri alinisomea barua yako mara ya kwanza juu macho yangu ilikataa. Kisha niliikamata, nikaenda pa stasio, kule kunakaa bamama benye tulipanda nao train. Banauza mikate na mafuta. Nikabaambia mu Swahili: mutoto yangu alipita. Baliacha bintu yao chini, tukacheza pale pale kati ya bantu ya safari. Moya aliuliza alipita nini. Nilimuambia sijui vizuri, ni habari ya mawe. Tukacheza tena.

Kila juma tunakutana nao, tunapika bukari ya unga, tunazungumuza habari ya kampi, na nani alioa nani, na ile mvua ilipeleka kanisa. Nilianza kufundisha binti zao kushona. Dada Ngalula amezeeka sana. Ananiita usiku na mchana, na nikichelewa analia.

Nitakuja mu kiangazi. Nataka kuona ile mulango ya université unapita na vitabu yako, na kusafisha kaburi ya baba yako, na kuongea na bazazi ya Mado vile inapashwa. Nitakaa nanyi mupaka mvua ya kwanza. Kisha nitarudia kwetu.

Naona mukono yangu imeandika vile. Niliangalia ile neno "kwetu" wakati murefu, kalamu ikiwa juu yake. Nimeiacha.

Miye Mama yako,
Hortense