Herufi za Miiba kwenye Bango la Mama Swabra

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, baridi ya Julai imeganda vidoleni. Lakini moyo wangu umetulia, na lazima niandike kwa nini.

Asubuhi niliamka nimekata shauri kuifuta Miiba.

Miiba ni herufi nilizochora mwenyewe, mwaka mzima, nikiiga nondo za geti la ploti yetu hapa Kware. Kila moja ina ncha. A inasimama kwa miguu miwili mikali, mkia wa R unashuka kama msumari. Kinyozi wa kona alizipenda, mwenye jimu akazipenda zaidi, nami nikavimba kichwa.

Ndipo Mama Swabra, anayeuza chakula ng'ambo ya barabara, akaniagiza bango. Nikaandika kila kitu kwa Miiba: jina lake juu, kubwa, na chini yake mahamri, mbaazi, viazi karai, bajia, kwa herufi ndogo zenye ncha vilevile. Kwenye kompyuta yangu zilipendeza ajabu, na Alhamisi iliyopita nikalitundika.

Marehemu baba aliandika mabango kwa brashi. Kabla ya kusema amemaliza, alivuka barabara, akageuka, akasoma. Mimi sikuvuka. Nilijiona nimeshajua.

Jana nilipita kwa Mama Swabra kunywa chai, nikamkuta sauti imemkauka. Nikadhani ni mafua. Chai haijapoa, watu wanne wamesimama mbele ya bango, wanakodoa macho.

"Mathe, hapo chini mmeandika nini?"

Akawatajia, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mahamri mpaka bajia. Huku anatabasamu.

Wiki nzima amekuwa akiwasomea watu bango langu.

Niliondoka bila kuimaliza chai. Aibu ilinijaa hadi masikioni. Leo nimerudi na bisibisi kuling'oa, nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Siku ulipolitundika ulikuwa na furaha, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nikamwambia naling'oa, na herufi zenyewe nazifuta. Akanicheka kwa ile sauti yake iliyokwaruza.

"Ufute nini? Jina langu liache na makali yake. Miaka yote watu wanapita tu hapa, sasa wanasimama. Hivi vyakula ndivyo uniandikie kwa herufi za kawaida."

Nimeshukuru mpaka machozi yakanilenga. Mtu mwingine angenitangaza mtaa mzima. Yeye alitoa sauti yake, na bado akaona kilicho kizuri kwenye kosa langu.

Saa nane tulilitundika upya. Jina kwa Miiba, chakula kwa herufi za kawaida, nene, zilizonyooka. Nikavuka barabara, nikageuka, nikasoma kila neno. Asante, baba.

Wakaja wateja watatu. Wakatazama juu, wakaagiza, hakuna aliyeuliza.

Mama Swabra akawapakulia, kisha akavuta kigoda chake, akaketi. Wiki hii nzima sikuwa nimemwona ameketi.