Mgonjwa wa Kwanza wa Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimelazwa kifudifudi na mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu. Chiriku! Binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka saba, na jina hilo nilimpa mimi, maana mdomo wake haupumziki. Sasa ni tabibu wa mgongo. Koti jeupe, kola imenyooka — nimeipiga pasi mwenyewe. Kituo cha afya kimempa chumba kwa majaribio. Kitanda chenye tundu la kuingizia uso, mifupa ya plastiki inaning'inia ukutani. Faili namba moja ni langu.

Kanipapasa kiuno, kagandamiza, mfupa ukalia ko! Nikapiga ukelele. Kacheka. Kasema miaka ishirini na saba ya kusimama na pasi kwenye kiwanda cha kufulia, mjomba, ulitegemea mgongo ukushukuru?

Mwisho kaniletea fomu. Maumivu, kati ya sifuri na kumi? Umeridhika na huduma? Kaeleza kwamba wakubwa wa kituo watazisoma zote mwisho wa Aprili, ndipo waamue abaki au aondoke. Nikaandika maumivu manne. Yalikuwa saba. Kuridhika: sana. Na hilo si uongo. Nani mwingine kawahi kuniuliza habari za mgongo wangu, akakaa kusubiri jibu?

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala vizuri siku mbili mfululizo. Mkono wa mtoto yule una baraka.

Mwenzangu wa meza ya pili — sote tunamwita Jirani — kauliza kama nimeanza kwenda kwa mkandaji. Asikusikie Chiriku, nikamwambia! Neno hilo linampandisha mori. Yeye kasomea miaka mitano. Nikamsimulia habari ya fomu. Jirani kasema hata yeye akipewa fomu ya kumhusu mkewe ataandika "sana", tena kwa herufi kubwa, maana mke atakuwa kasimama nyuma yake. Tumecheka mpaka msimamizi akachungulia.

Kucheka nako kunauma. Mpaka kwenye shavu la mguu.

Jumanne, 18 Machi

Maumivu yameshuka. Yameacha kiuno, yameshika paja la kushoto, yanateremka kama umeme. Nimepiga pasi nimesimama kwa mguu mmoja siku nzima.

Chiriku: Mguu je, mjomba? Mimi: Haujambo. Nikaandika matatu.

Ndivyo nilivyolelewa, nifanyeje? Ukiulizwa habari, ni nzuri. Hata msibani utajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo unasema "ila". Sasa fomu yao haina nafasi ya "ila". Visanduku tu.

Halafu uso wake anaposoma! Leo kaniambia ana wagonjwa kumi na wanane, na hakuna anayepona haraka kama mjomba wake. Ungemtazama vile, nawe ungeandika saba?

Jumatano, 2 Aprili

Ganzi tangu juzi. Dole gumba la kushoto na juu ya wayo. Maumivu kidogo yamepoa, nikafurahi kama mjinga.

Chiriku kauliza kama kuna ganzi. Nikasema hakuna. Akasema basi vua soksi, mjomba, nikuone ukitembea kwa visigino. Nikamwambia niache na soksi zangu, mama. Unataka mjomba wako atembee kama bata mbele yako? Kaona haya. Kainama, kaandika kwenye faili. Mgonjwa mwingine angemvua soksi kwa nguvu, namjua. Mimi kaniheshimu.

Nimetoka pale nimeshika ukuta.

Jumapili, 13 Aprili

Mke wangu kanikalia kooni. Eti naburuta mguu, ananisikia nikipita ukumbini. Nikasema ni viatu. Kasema viatu vyangu anavijua kuliko mimi, na nimwambie mtoto leo hii, la sivyo atamwambia yeye. Nimemsihi. Kikao cha Chiriku ni tarehe thelathini. Kikipita tu nitasema kila kitu. Mguu huu umenivumilia miaka hamsini na minne, utashindwa wiki mbili?

Kasema, dada yako angekuwa hai angekuchapa.

Angenichapa kweli. Nimemkumbuka mchana kutwa. Aliniachia mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe kaniletea sifa. Sitakuwa mimi wa kumharibia.

Jumamosi, 26 Aprili

Niko hospitali kubwa. Nimelazwa.

Jana kazini bomba la mvuke lilipasuka chini ya meza yangu. Maji ya moto yakawa yanamwagikia mguu wa kushoto. Na mimi napiga pasi. Naimba! Jirani ndiye aliyeona mvuke ukitoka kiatuni. Akapiga kelele: We, mguu wako! Nikatazama. Walipovua soksi, ngozi ikatoka nayo.

Sikusikia kitu. Watu wote wamejishika midomo, msimamizi kageukia ukutani, mimi nimekaa kwenye kapu la mashuka nautazama mguu kama wa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipolia. Si kwa maumivu. Ningeyapata wapi?

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepigwa picha. Daktari kanionyesha: kile kilaini kilicho kati ya pingili za mgongo kimechomoza, kimebana mshipa wa fahamu. Nitapasuliwa keshokutwa asubuhi. Saa hizo Chiriku atakuwa mbele ya wakubwa wake.

Daktari ni mtu wa maneno machache. Kashika faili langu la kituoni, kalipekua mara mbili. Kasema hapa kila wiki imeandikwa hakuna ganzi, mgonjwa ameridhika sana. Kisha kaniuliza: Ganzi ilianza lini?

Nikasema Ijumaa. Siku ileile ya maji ya moto.

Una hakika? Nina hakika. Kaeleza taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto. Mshipa uliobanwa siku tatu nne, akiufungua huenda mguu ukarudi. Uliobanwa mwezi mzima, asinidanganye, naweza kubaki hivi. Na kama ganzi ilikuwepo muda wote huo, tabibu wangu alipaswa kunileta hapa siku ya kwanza, na yeye atalazimika kuwaandikia kituoni.

Nikarudia: Ijumaa. Akaandika. Aliandika polepole mno.

Jumanne, 29 Aprili

Chiriku kaja asubuhi. Kaniletea nguo, sabuni, na viatu vyangu vya kila siku. Akavipanga chini ya kitanda. Kisha akakiinua cha kushoto, akakigeuza. Soli imelika puani mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana. Cha kulia kizima.

Kasema: Daktari kaniambia ganzi ni ya Ijumaa. Mjomba, kiatu hakiliki hivi kwa siku nne.

Nikaanza maneno. Barabara mbovu, kokoto, viatu vya siku hizi. Kaniacha nimalize. Kasema ni kosa lake, soksi ile angeivua hata kama ningemtukana. Nikamwambia acha upuuzi, wewe huna kosa, nimeridhika mimi, tena sana, nimeandika kwa mkono wangu.

Akakaa kitandani. Kasema wagonjwa thelathini na wanne wameandika "sana". Alikuwa anazisoma kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, zinampa nguvu. Kisha kaniuliza: Wangapi kati yao ni kama wewe, mjomba?

Mimi! Nilidhani nampa chumba, kumbe nimempokonya hata kile alichokuwa nacho.

Akasema basi, tuache. Nataka kujua kilichobaki ili nimwambie daktari. Vidole vimetokeza nje ya bandeji. Fumba macho, nitakuchoma kidogo kwa pini. Ukisikia, sema.

Nikafumba. Kimya. Nikajitahidi, nikasukuma akili yangu yote huko chini. Nikamfikiria kesho, mbele ya wakubwa. Nikasema: Hapo! Kimya. Nikasema: Hapo tena, kwenye dole gumba. Nasikia vizuri kabisa, mama.

Nikafumbua.

Yuko dirishani, hatua nne kutoka kitandani. Pini bado iko kwenye kola ya koti lake, hajaichomoa. Analia bila sauti, yeye ambaye hajawahi kunyamaza tangu ana miaka saba.

Nimemwita. Hageuki. Nimechukua daftari hili ili mikono ipate kazi. Daktari kaingia sasa hivi, kasimama mlangoni, anatutazama mmoja mmoja. Kauliza tena. Lini? Na Chiriku kageuka, anasubiri, hataki kunisaidia —