Muhuri wa Jana

Jumatatu, 3 Machi
Vimebaki vitabu viwili vya kuchagua kimoja cha kufundishia saikolojia mwaka wa kwanza. Kinene anakitaka Mzee Panya – jina kalipata kwa majaribio yake ya panya. Chembamba anakitaka Miwani, mwalimu kijana. Leo wametupiana maneno koridoni. Panya kasema chembamba kinafaa kufungia karanga. Miwani kajibu kinene kizuie mlango. Nilicheka. Kura Jumatano.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga muhuri wa KIMETEULIWA, na tarehe, kwenye nakala kumi za kinene. Kila mwaka napiga mapema – Panya hashindwi kura. Nimezifungia kabatini.

Jumatano, 5 Machi
Kura tano kwa nne, Panya kashinda. Miwani akampa mkono kiungwana. Nikagawa nakala. Miwani akafunua, akaona tarehe ya jana. Kisha akamwita Panya mwizi wa kura, akamkaba tai. Panya akampiga kwa pembe ya kitabu. Jichoni. Kioo cha miwani kikapasuka ndani ya jicho. Akapiga tena, na tena, mzee wa miaka sitini! Nilimshika mikono, akaning'ata. Damu hadi kwenye orodha ya mahudhurio. Walimu wa saikolojia wamejaa chumba, hakuna aliyejua la kufanya.

Alhamisi, 6 Machi
Jicho limetolewa. Panya yuko rumande, anaapa hakugusa muhuri. Mkuu wa idara kaniita: nani ana ufunguo wa kabati? Nikasema mimi, na mama wa usafi. Ni kweli, anao. Ila sikuongeza neno. Mkuu akaandika.
Mke wangu kaona alama za meno mkononi, kasema nimefanya la kiume.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne. Kaka yake Miwani, fundi wa kuchomelea, kaingia na nondo. Mlinzi kakimbia. Yuko chumba cha pili na mama wa usafi. Ukuta ni mbao, nasikia yote.
"Shikamoo mama. Panya nitampata mahakamani. Mkuu kaandika una ufunguo. Nitajie uliyempa."
"Mwanangu, mimi kabati nalifuta vumbi tu. Hata kusoma sijui."
Kioo cha kabati kimevunjwa. Anauliza tena, kwa upole uleule.
Kitu kimevunjika ambacho si kioo. Mama analia, anamwita karani aje amsemee. Karani ni mimi.
Nimesimama. Nimekaa. Wino wa muhuri bado uko kwenye kidole gumba, nimekisugua tangu Jumanne.
Mama ananiita tena, safari hii kwa jina langu, na nondo inaburutwa kuja mlangoni kwangu.